Kuongeza kasi, kupunguza volti au kubana wati: kipi kinaifaa kompyuta yako Uganda?

Prosesa moja, kwenye ubao mama uleule, inaweza kuendeshwa kwa namna nne. Unaweza kuiacha kama ilivyotoka kiwandani. Unaweza kuipandisha mapigo, yaani idadi ya hatua zake kwa sekunde, juu ya kiwango chake; hiyo ndiyo ovakloki. Unaweza kuishusha volti bila kugusa mapigo. Au unaweza kuiwekea kikomo cha wati ambacho haitakivuka. Zote nne zinahusu akiba ya usalama ambayo wabunifu wa chipu waliiacha kati ya kiwango walichokiandika kwenye boksi na kiwango ambacho silikoni ingeanza kukosea. Kinachotofautiana ni nani anaitumia akiba hiyo na anailipia nini.

Kwa mwenye haraka: kompyuta nyingi zinazofanya kazi Kampala, Mbarara au Gulu zitafaidika zaidi na kikomo cha wati. Kupunguza volti kunafuata, kwa mtu aliye tayari kupima kwa uvumilivu. Ovakloki ya prosesa tunaiweka mwisho, na hesabu ya kuiweka huko iko hapa chini.

| | Kama ilivyo | Ovakloki | Kupunguza volti | Kubana wati |
|---|---|---|---|---|
| Kasi | ya kiwandani | juu kidogo | ileile, au juu kidogo | chini kidogo kazi ikiwa nzito |
| Joto na umeme | ya kiwandani | juu sana | chini | chini zaidi |
| Akiba ya usalama | nzima | inaliwa | inaliwa | nzima |
| Uchakavu wa chipu | wa kawaida | wa haraka | wa polepole | wa polepole |
| Muda wa kupima | hakuna | siku kadhaa | siku kadhaa | dakika kumi |

Mstari wa tatu wa jedwali ndio unaosahaulika zaidi, kwa hiyo tuanze nao.

Akiba hiyo imetoka wapi

Ndani ya prosesa, pigo moja ni muda ambao ishara inapaswa kutoka kwenye rejista moja (kihifadhi kidogo cha thamani), ipite kwenye mlolongo wa transista, ifike rejista ya pili na itulie kabla ya pigo linalofuata. Kwa gigahezi 4 muda huo ni pikosekunde 250. Kwa gigahezi 5 unabaki 200. Volti ikipanda, transista zinageuka hali upesi zaidi. Ikishuka, zinachelewa. Kwa sababu hiyo kila kiwango cha mapigo kina volti yake ya chini kabisa. Ukiivuka kwenda chini, ishara inachelewa kufika, rejista inashika thamani ya uongo na hesabu inakosewa.

Kiwanda hakithubutu kuuza chipu ikiwa juu ya mstari huo hasa. Kwanza, hakuna chipu mbili zilizo sawa, hata kama zimekatwa kwenye bamba moja la silikoni. Kiwanda huzipima na kuzigawa madaraja, lakini ndani ya kila daraja zimo nzuri na dhaifu, na volti iliyowekwa sharti iitosheleze ile dhaifu. Pili, volti yenyewe haitulii. Viini vya prosesa vikitoka usingizini na kuingia kazini kwa nguvu zote, mkondo huruka kwa makumi ya ampea ndani ya muda mfupi mno, na volti hudidimia kabla saketi ya kuirekebisha haijaitikia. Chipu inapaswa kuhesabu sawasawa hata katikati ya mdidimio huo. Tatu, joto hubadilisha mwenendo wa transista na huongeza mkondo unaovuja bila kufanya kazi yoyote. Nne, kuna programu ambazo bado hazijaandikwa siku chipu inapopimwa, na mojawapo inaweza kukanyaga njia ndefu kuliko zote ndani ya silikoni.

Tano ni uzee, na hapa ni vizuri kukaa kidogo. Volti na joto, vikishirikiana kwa miaka, hupandisha polepole volti inayohitajika kuiwasha transista. Tena mkondo mkubwa husukuma atomi za chuma kwenye nyaya nyembamba za ndani mpaka zingine zinadhoofika. Kwa hiyo chipu iliyofanya kazi miaka saba mara nyingi inahitaji volti nyingi kidogo kuliko siku ilipotoka boksini, kwa mapigo yaleyale. Sehemu ya akiba iliwekwa kwa ajili ya miaka hiyo. Kwa nchi ambayo kompyuta nyingi huingia zikiwa zimeshatumika Ulaya au Uarabuni, hilo ni jambo la kwanza la kukumbuka: mmiliki wa kwanza ameshatumia sehemu ya akiba, na wewe unaanzia alipoishia.

Zamani akiba ilikuwa kubwa mno. Mwaka 1998 Intel Celeron 300A iliuzwa kwa megahezi 300, na watu wengi waliibadilishia basi (mapigo ya msingi ya ubao mama) kutoka megahezi 66 kwenda 100, ikakimbia kwa 450 bila malalamiko. Asilimia 50 ya bure. Siku hizo hazipo tena, kwa sababu watengenezaji wenyewe wamejifunza kuitumia akiba hiyo. Turbo ya Intel ya tangu 2008, na mfumo wa AMD kwenye Ryzen, hupima joto, mkondo na volti mara nyingi kwa sekunde na kupandisha mapigo mpaka karibu na ukingo. Kilichobaki kwa mnunuzi ni makombo.

Na wakati mwingine kiwanda kimeyala hata makombo. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa nyingi za i7 na i9 za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikipelekewa volti za juu kupita kiasi, mpaka saketi inayogawa mapigo ndani ya viini ikazeeka kabla ya wakati. Kompyuta zikaanza kuanguka, yaani kukwama au kuzimika ghafla, bila mtu kugusa mpangilio wowote. Intel ilitoa maikrokodi (programu ndogo inayoongoza prosesa kwa ndani) 0x129 mwezi Agosti na 0x12B mwezi Septemba mwaka huohuo, ikaongeza dhamana kwa miaka miwili. Chipu iliyokwisha kuharibika hairudi kwa maikrokodi. Inayookolewa ni ile ambayo bado ni nzima.

Kuiacha kama ilivyo

Hili ni chaguo halali, ila hakikisha kweli iko kama ilivyo. Mbao mama nyingi za bei ya juu huja na vikomo vya wati vimeondolewa tangu dukani, au na kipengele kinachoitwa "Multicore Enhancement" au jina linalofanana nalo, kinachosukuma viini vyote hadi mapigo ya juu, kikiwa kimewashwa. Ingia BIOS (menyu ya mipangilio ya ubao mama, inayofunguliwa kompyuta inapowaka), chagua kurudisha mpangilio wa msingi, kisha kwa Intel tafuta maneno "Intel Default Settings". Kwa kompyuta ya hesabu za duka, SACCO au zahanati, ishia hapo au uongeze kikomo cha wati tu.

Ovakloki ya prosesa

Inawezekana pale tu vifaa vinaporuhusu. Kwa Intel, prosesa iwe na herufi K, kama i7-6700K, i7-8700K au i5-12600K, na ubao mama uwe wa familia ya Z. Kwa AMD karibu Ryzen zote za mezani zimefunguliwa, ilimradi ubao uwe wa familia ya B au X. A320 na A520 hazimo. Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre zilizotumika, ambazo ndizo nyingi madukani, hazina mahali pa kufanyia jambo hili. Mwenye hizo aruke sehemu hii.

Sasa hesabu. Nguvu inayoliwa na saketi hufuata mapigo mara volti mara volti tena. Chukua chipu inayokwenda gigahezi 4.0 kwa volti 1.20. Ukitaka 4.4 na ikadai volti 1.35, mapigo yameongezeka asilimia 10, lakini nguvu imeongezeka karibu asilimia 39. Na hiyo ni kabla ya kuhesabu mkondo unaovuja, ambao nao hupanda joto likipanda. Ikiwa nyongeza ni wati 60, kwa saa 8 kwa siku na siku 26 kwa mwezi, ni uniti 12 na nusu. Ukichukua uniti moja kwa shilingi 800 ili hesabu iwe nyepesi (weka bei iliyoko kwenye risiti yako ya Yaka, umeme wa kulipia kabla), ni karibu shilingi 10,000 kila mwezi kwa asilimia 10 ambazo kwenye michezo mingi huzioni, kwa kuwa kadi ya michoro ndiyo inayochelewesha.

Kwa anayeendelea, huu ndio mwendo tunaoupendekeza, mfano ukiwa i7-8700K, ambayo kiwandani huenda gigahezi 4.3 viini vyote vikifanya kazi:

1. Rudisha BIOS kwenye mpangilio wa msingi. Acha RAM kwenye kasi yake ya kawaida kwa sasa, ili ukikosea ujue kosa limetoka upande gani.
2. Weka kizidishi 46 (mara megahezi 100, yaani gigahezi 4.6) kwa viini vyote na volti ya mkono 1.25. Usiiache volti kwenye "Auto": mbao nyingi zikiona kizidishi kimepanda hupeleka volti nyingi kuliko inavyohitajika.
3. Weka "Load-Line Calibration", inayofidia volti inapozama chini ya mzigo, katikati. Ikiwa ya chini sana, volti itazama chipu ikibebeshwa mzigo. Ikiwa ya juu kabisa, mzigo ukiondoka ghafla volti itaruka juu ya ulichokiandika, na HWiNFO (programu ya kusoma joto na volti) haitaiona kwa sababu inapita haraka mno.
4. Endesha Cinebench R23, programu ya kuipa prosesa kazi nzito, kwa dakika kumi huku HWiNFO ikiwa wazi. Joto likipita nyuzi 85, simama hapo. Ikianguka, ongeza volti 0.02 na urudie. Ikipita, panda kizidishi kimoja.
5. Usivuke volti 1.35 kwa matumizi ya kila siku kwenye chipu za Intel za nanomita 14. Ryzen za nanomita 7 zikiwekewa volti isiyobadilika huanza kuchakaa mapema zaidi. Kaa chini ya 1.25. Usichanganye hili na volti 1.45 unazoziona kwenye Ryzen iliyoachwa ijiendeshe: hizo huja kiini kimoja kikifanya kazi nyepesi, mkondo ukiwa mdogo.
6. Maliza kwa OCCT au Prime95, programu za kupima uthabiti, kwa saa moja au zaidi, kisha washa wasifu wa RAM (XMP, tunaueleza chini) na upime upya.

Kinachoharibika kwanza mara nyingi si prosesa. Ni saketi ya volti iliyoko kando yake kwenye ubao. Mbao za bei nafuu hazina vipoza juu ya transista hizo, na zikipita nyuzi 100 ubao hushusha kasi ghafla, au kompyuta huzimika. Kwa 8700K hasa kuna kikwazo kingine: Intel ilipaka pesti kati ya silikoni na kifuniko chake badala ya kulehemu, kwa hiyo hata kipoza cha bei kubwa hakisaidii kama unavyotarajia. Joto limezuiwa kabla halijakifikia.

Ikigoma kuwaka kabisa, zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe, toa betri ya CR2032 kwa dakika tano, rudisha. Mpangilio utafutika na itawaka.

Kupunguza volti

Hapa faida ni ya kweli. Chipu ileile ya gigahezi 4.0 ikikubali volti 1.10 badala ya 1.20, nguvu inashuka asilimia 16 na kasi haijaguswa. Feni zinatulia, uchakavu unapungua. Kwenye Ryzen na kadi za michoro kasi inaweza hata kupanda, kwa sababu chipu inayogonga ukuta wa joto au wati sasa imepata nafasi.

Lakini watu wengi huelezana kwamba kupunguza volti hakuna hatari yoyote. Si kweli. Ovakloki na kupunguza volti huila akiba ileile kutoka pande mbili: moja inafupisha muda wa pigo, nyingine inaichelewesha ishara. Ukipita kiasi, matokeo ya zote mbili ni ishara kuchelewa kufika. Tofauti ni kwamba ovakloki ya volti kubwa huharibu pia chipu yenyewe, na kupunguza volti hakuichomi. Kunachoweza kuharibu ni kazi yako.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni Plundervolt, iliyotangazwa Desemba 2019. Watafiti walionyesha kwamba ukishusha volti ya prosesa za Intel kwa programu, kidogo tu, kuzidisha kwa kawaida kunatoa jibu la uongo bila kompyuta kuanguka, na wakatumia makosa hayo kuiba siri kutoka sehemu ya prosesa iliyopaswa kulindwa. Intel ilijibu kwa maikrokodi na marekebisho ya BIOS yanayofunga mlango huo, ndiyo maana laptopu nyingi baada ya hapo hukataa kushushwa volti kwa programu kama ThrottleStop. Ukikuta imefungwa, usihangaike kuifungua; nenda kwenye kikomo cha wati.

Kwa Ryzen za mfululizo wa 5000 na kuendelea, tumia "Curve Optimizer", iliyoko ndani ya "Precision Boost Overdrive" kwenye BIOS. Kila hatua moja ni takriban milivolti 3 hadi 5, na mwisho wa kwenda chini kwenye mfululizo wa 5000 ni hatua 30. Anza na hasi 10 kwa viini vyote. Pima. Nenda hasi 15, kisha hasi 20. Usianze na hasi 30 kwa sababu mtu fulani mtandaoni amefaulu nayo. Chipu yake si yako.

Upimaji wake una mtego. Prime95 kwenye viini vyote kwa saa nzima inaweza kupita vizuri, halafu kompyuta ikajiwasha upya yenyewe usiku ikiwa haifanyi kitu. Sababu ni kwamba mzigo mzito hushusha mapigo, wakati akiba huwa ndogo kabisa kiini kimoja kikiruka peke yake hadi mapigo ya juu kwa kazi nyepesi. Kwa hiyo tumia CoreCycler, inayopima kiini kimoja baada ya kingine, na uiache usiku kucha. Asubuhi fungua Event Viewer ya Windows utafute "WHEA-Logger", yaani kumbukumbu ya makosa ya vifaa. Tukio namba 18 litakutajia kiini kilichokosea. Kirudishe hicho tu hatua 5 juu. Viini bora ambavyo chipu huvichagua kwa mapigo ya juu ndivyo huvumilia punguzo dogo zaidi, kwa sababu vimeshasukumwa karibu na ukingo.

Kwa kadi za Nvidia, fungua MSI Afterburner na ubonyeze Ctrl+F uone mchoro wa volti na mapigo. Kwa RTX 3060 anza na nukta ya milivolti 875, ipandishe hadi megahezi 1800, kisha zilaze nukta zote za kulia zisipite hapo. Cheza mchezo mzito kwa saa moja. Madoa ya rangi, pembetatu zinazorukaruka, au dereva kujiwasha upya ni dalili kwamba umeshuka mno. Punguza megahezi 15 kila mara mpaka zitoweke.

Kubana wati

Njia hii haina mvuto wa kusimulia, na ndiyo tunayoipendelea. Ukiweka kikomo cha wati, hubadilishi uhusiano wa mapigo na volti ambao kiwanda kiliupima. Chipu inashuka tu kwenye mkunjo wake yenyewe wa mapigo na volti mpaka iingie ndani ya kikomo. Akiba yote inabaki mahali pake, kwa hiyo hakuna la kupima usiku kucha na hakuna hesabu itakayokosewa. Na kwa kuwa wati za mwisho ndizo za ghali zaidi, kuzikata kunakugharimu kasi kidogo.

Kwa Ryzen washa "Eco Mode" kwenye BIOS au Ryzen Master. Ryzen 7 5800X, ambayo huvuta hadi wati 142, itashuka hadi 88. Ryzen 9 7950X hushuka kutoka 230 hadi 142 kwa kupoteza asilimia chache tu kwenye kazi nyingi. Kwa Intel tafuta PL1 (kikomo cha wati cha muda mrefu) na PL2 (cha muda mfupi). Mfano, i5-12400 ina PL1 ya wati 65 na PL2 ya 117. Weka zote mbili 65. Kwa i9-13900K, yenye PL2 ya 253, kikomo cha 150 kinaifanya iweze kupozwa na feni ya kawaida.

Kwa kadi ya michoro, sogeza "Power Limit" ya Afterburner hadi asilimia 80. Kwenye Linux, `nvidia-smi -pl 136` hufanya hivyo kwa RTX 3060 ya wati 170, ila amri hiyo hufutika ukizima, kwa hiyo iweke kwenye huduma inayoanza na mfumo. Kwa laptopu, nenda kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, "Maximum processor state", uandike asilimia 99. Kwenye laptopu nyingi hilo huzima turbo kabisa. Utahisi upungufu kwenye kazi nzito, ila laptopu itaacha kuunguza mapaja.

Faida kubwa hapa inaonekana umeme unapokatika. Pawa saplai nzuri ikiwa na mzigo mkubwa hushikilia kompyuta kwa milisekunde 16 au 17 hivi baada ya umeme kutoweka, na UPS ya kawaida (kifaa chenye betri ya akiba) huhitaji milisekunde kadhaa kugeukia betri. Mzigo ukiwa mdogo, muda huo wa kushikilia hurefuka, na kompyuta zinazojiwasha upya kila umeme unapopepesa mara nyingi hupona kwa kikomo cha wati peke yake. Betri nayo: UPS ndogo yenye betri ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84 kwenye karatasi, lakini ikivutwa kwa nguvu hutoa karibu nusu. Kwa wati 300 una kama dakika nane. Kwa wati 170 una karibu robo saa, muda wa kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Anayetumia inveta ya sola Karamoja au West Nile anaijua hesabu hii tayari.

RAM, kwa kifupi

Wasifu wa XMP au EXPO, yaani kasi ya juu ya RAM iliyopangwa tayari na mtengenezaji, pia ni ovakloki. DDR4 ya kawaida hutumia volti 1.2, ya XMP mara nyingi 1.35. Ni hatari ndogo na faida ya kuonekana, hasa kwenye Ryzen. Lakini kama una kijiti kimoja, nunua cha pili kinachofanana nacho kabla ya kugusa chochote. Njia mbili za RAM zina faida kuliko ovakloki yoyote ya prosesa. Vijiti vya chapa tofauti vikichanganywa mara nyingi hukataa kasi ya juu. Vipime kwa MemTest86, duru nne, na kosa moja tu latosha kuurudisha wasifu chini. Kwa Ryzen 7000, hakikisha volti ya SoC (sehemu ya chipu inayosimamia RAM) haipiti 1.3: mwaka 2023 baadhi ya 7800X3D ziliungua na kuvimba kwa sababu EXPO iliipandisha zaidi ya hapo, na BIOS za baadaye zimeweka kikomo.

Hali ya hewa na umeme wetu

Vipimo unavyovisoma mtandaoni mara nyingi hufanywa kwenye chumba cha nyuzi 20 au 22, karibu na usawa wa bahari. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 11. Feni ileile inaondoa joto pungufu kwa kila mzunguko. Kipoza kinachoiacha prosesa nyuzi 50 juu ya joto la chumba kule, hapa kitaiacha karibu 55. Ongeza chumba cha nyuzi 28 chenye mabati juu, na umeshafika 83 kabla ya vumbi. Kabale iko juu zaidi, hewa nyepesi zaidi, ila ubaridi wake hufidia; Gulu mwezi wa Januari haina cha kufidia. Kwa hiyo pima mpangilio wako saa nane hadi saa kumi mchana katika kiangazi, kwa kuwa uliopita usiku wa mvua unaweza kuanguka Februari.

Vumbi jekundu hujaza mapezi ya kipoza ndani ya miezi michache. Lipulize kwa hewa huku umezishika feni zisizunguke, na ubadilishe pesti kila baada ya miaka miwili au mitatu. Kwenye mashine iliyotumika, fanya hivyo kabla ya kufikiria volti. Mara nyingi tatizo zima huishia hapo.

Stebilaiza hulinda pawa saplai dhidi ya umeme unaopanda na kushuka, lakini haiongezi akiba ya chipu. Kinachoigusa chipu ni njia ya volti 12, ambayo inaruhusiwa kati ya 11.4 na 12.6. Pawa saplai ya bei chee iliyoandikwa wati 500 lakini nyepesi mkononi huyumba nje ya hapo mzigo ukipanda. Usifanye ovakloki wala kupunguza volti juu ya msingi huo.

Nani achague nini

Mwenye ukumbi wa michezo ya kompyuta: kadi zibanwe wati hadi asilimia 80. Kompyuta kumi za RTX 3060 zikichezwa mfululizo saa 12 kwa siku huokoa wati 340 kwa pamoja, karibu uniti 122 kwa mwezi, shilingi 97,000 na ushei kwa bei tuliyoichukua juu. Wachezaji hawataona tofauti.

Mhariri wa video za harusi au mchapishaji wa Nasser Road, mtaa wa wachapishaji Kampala: kikomo cha wati kwa prosesa, RAM ya kutosha, hakuna kupunguza volti. Faili la saa sita likitoka na fremu iliyoharibika katikati, mteja yupo mlangoni.

Mwanafunzi wa Wandegeya mwenye laptopu: safisha feni, weka 99. Mwenye Ryzen 5 5600 na muda wa jioni: Curve Optimizer kwa hatua ndogo ni kazi yenye malipo, ikipimwa kama tulivyoeleza. Anayependa ovakloki kwa ajili ya kujifunza atafute ubao wa Z170 na i5-6600K vya zamani, aviweke mbali na kompyuta yenye kazi za watu, na asukume huko.

Na anayenunua i7 au i9 ya kizazi cha 13 au 14 iliyotumika: kabla ya kulipa, omba kuona BIOS ina maikrokodi 0x12B au mpya zaidi. Kisha fungua faili kubwa la 7-Zip la gigabaiti kadhaa mara tatu mfululizo na usakinishe dereva ya Nvidia. Kosa la CRC (data iliyofunguliwa hailingani na iliyohifadhiwa), usakinishaji unaokatika, au mchezo wa Unreal Engine unaolalamika kumbukumbu ya video imeisha ilhali kadi ina nafasi tele, ni dalili za chipu iliyomaliza akiba yake. Muuzaji akisema itapona kwa kuongezewa volti, mwachie.